Shule ya kata, Saint Paul

Najua nimepotea. Sina sababu mpya ya kuwapa: shifti tatu za usiku mfululizo, kulala, kufua, kanisani, halafu tunaanza tena. Ila safari hii nimepotea nikiwa na jambo moja kichwani, na leo sina shifti, mtoto yuko shule, mzee amelala, basi ngoja nilitoe.

Jambo lenyewe ni shule. Binti yetu yuko darasa la tano. Hapa Saint Paul la tano ndio mwisho wa msingi. Kuanzia la sita mpaka la nane mtoto anakwenda shule ya kati, na la tisa mpaka la kumi na mbili ndio sekondari. (Wazee waliosoma Tanganyika ya mkoloni wanalijua hilo jina la shule ya kati. Watoto walichujwa darasa la nne, wachache wakaendelea la tano mpaka la nane. Baba yangu mkubwa alikuwa mmoja wa hao wachache, na mpaka leo ukikaa naye dakika kumi lazima akukumbushe.)

Kila anwani hapa ina shule yake. Unaandika namba ya nyumba na mtaa kwenye tovuti ya shule za Saint Paul, inakutajia. Ya kwetu ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, wakati wa theluji weka ishirini. Unaweza kuikubali, na unaweza kuikataa ukaomba nyingine. Watanzania ninaowafahamu hapa, na Wakenya vilevile, karibu wote wanaikataa ya kwao. Wanakataa kabla hawajaingia hata mlangoni.

Juzi nimepigiwa simu na dada mmoja wa kanisani, mtu mzima ninayemheshimu sana.

“Shikamoo dada.”

“Marahaba mdogo wangu. Nasikia mnataka kumpeleka mtoto hapo hapo mtaani?”

“Ndiyo dada, tunafikiria hivyo.”

“Yaani umevuka bahari yote hiyo, umesoma unesi mpaka digrii, unakesha na wagonjwa wa watu, halafu mtoto umpeleke shule ya kata?”

Nilicheka, na yeye akacheka. Lakini lile neno “shule ya kata” limenikaa, kwa sababu nadhani ndani yake kuna kila kitu tunachokibeba kutoka nyumbani tukija kuchagua shule huku.

Kwa wasomaji wasio wa Tanzania: mpaka miaka ya mwanzoni ya 2000 sekondari za serikali zilikuwa chache, na watoto wengi waliomaliza la saba waliishia hapo. Mwaka 2004 serikali ikaanza mpango wa sekondari, na ule msukumo mkubwa wa kila kata iwe na shule yake ukaja 2006, Lowassa alipokuwa waziri mkuu. Wananchi walibeba mawe, walichanga tofali, madarasa yakainuka. Walimu hawakuinuka kwa kasi hiyo. Wengine walipewa mafunzo ya wiki chache wakapelekwa darasani, watu wakawaita “Voda Fasta”. Shule zenyewe zikaitwa “yebo yebo”, kama zile kandambili za plastiki. Maabara hakuna, vitabu mtoto anashirikiana na wenzake watano. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yale yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha karibu watahiniwa 6 katika kila 10 wamepata sifuri. Serikali iliyafuta na kuyapanga upya, lakini nchi nzima ilikuwa imeshayaona.

Ninazijua shule hizo kwa ndani. Niliingia kidato cha kwanza shule ya kata mwaka 2006, ada ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000, na mwaka wa kwanza hatukuwa na mwalimu wa fizikia hata mmoja. Kwa hiyo dada aliposema vile hakuwa ananisimulia hadithi ya mbali. Mtu yeyote aliyepita pale ana haki ya kuapa kwamba mtoto wake hatapita.

Sasa hebu tuangalie ule mfumo ulikuwa unafanya kazi gani. Nyumbani mtihani wa darasa la saba ulikuwa chujio. Waliopasua sana walikwenda Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, shule za vipaji maalum. Waliofuata walikwenda bweni za serikali. Wenye pesa, seminari na shule za binafsi. Aliyebaki baada ya wote hao kuondoka, ndiye wa kata. Kwa hiyo kwa Mtanzania “shule ya karibu na nyumbani” haimaanishi umbali, inamaanisha mabaki. Na ukija Marekani ukaambiwa shule ya mtoto wako imepangwa kwa anwani tu, bila mtihani, bila hata kuulizwa alipata wastani gani, akili yako inasema moja kwa moja: aa, hii ndio ile.

Lakini siyo ile, jamani. Hapa hakuna aliyewachuja watoto wa mtaa wangu kwa mtihani. Yule mtoto anayetatua hesabu za darasa la nane akiwa la sita anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu na anwani yake inampeleka shule hiyo hiyo. Kama mwezi wa tisa hatakuwepo pale, ni kwa sababu wazazi wake wamemhamisha. Chujio la hapa ni sisi wenyewe, tukiwa na simu mkononi tukiambizana “usithubutu”.

Na jimbo hili ndilo mahali pa kwanza Marekani kulipa chujio hilo nguvu ya sheria. Mwaka 1988 Minnesota ilikuwa jimbo la kwanza kuruhusu mtoto kusoma wilaya nyingine ya shule nje ya anapoishi. Mwaka 1991 ikapitisha sheria ya kwanza nchini ya shule za mkataba, yaani shule za fedha za umma lakini zinazoendeshwa na bodi zake zenyewe kwa mkataba, na ya kwanza kabisa Marekani nzima, City Academy, ilifunguliwa 1992 hapa hapa Saint Paul. Kwa hiyo ukisikia majimbo mengine wanabishana kuhusu kuchagua shule, kwetu ni habari ya zamani. Tumeshaona na matokeo yake. Upande wa pili wa mto, Minneapolis, shule za wilaya zilikuwa na wanafunzi karibu 48,000 mwanzoni mwa karne hii. Miaka ya karibuni wamekuwa chini ya 30,000. Siyo wote walikimbia, watoto wamepungua na nyumba zimepanda bei, lakini wengi waliondoka kwa mlango huo wa kuchagua.

Sasa pesa. Nyumbani ukimhamisha mtoto shule ya kata, shule ile haioni tofauti kubwa. Ruzuku ya mwanafunzi wa sekondari ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwaka, na hata hiyo ilifika nusu nusu. Hapa pesa inatembea na mtoto. Tangu 1971 Minnesota iliamua jimbo ndilo libebe sehemu kubwa ya gharama za shule badala ya kutegemea kodi ya nyumba za mtaa peke yake, ndio maana mtaa wa nyumba za bei nafuu hauachwi kufa kama ninavyosikia majimbo mengine. Fungu la msingi kwa mwaka wa shule 2024/25 lilikuwa dola 7,281 kwa mwanafunzi, na madarasa ya juu, la saba na kuendelea, huhesabiwa zaidi kidogo. Shule yenye watoto wengi wa kipato cha chini hupata nyongeza juu ya hapo. Haya, chukua kikokotoo. Wazazi 30 wa mtaani wakimhamisha kila mmoja mtoto mmoja, hiyo ni zaidi ya dola laki mbili kwa mwaka. Hapo ni walimu wawili hivi na bima zao. Lakini paa ni lile lile, basi ni lile lile, gesi ya kupashia jengo joto ni ile ile. Kwa hiyo linakatwa somo la muziki, au darasa la hesabu za mbele, kwa vile waliobaki wanaolihitaji ni kumi na wawili. Mwaka unaofuata mzazi mwingine anakuja kutembelea, anauliza kuhusu darasa la hesabu za mbele, anaambiwa halipo. Anaondoka anatikisa kichwa: si niliambiwa hii ni shule ya kata?

Hapo ndipo ninapobishana na ndugu zangu. Tunasema tunaikimbia shule kwa sababu ni dhaifu, na tunasahau kuhesabu ni udhaifu kiasi gani tumeuongeza sisi kwa kukimbia.

Najua jibu lake. Dada aliniambia: “Mwanangu siyo tofali la kujengea shule ya serikali.” Nakubali kabisa. Mimi pia simpeleki binti yangu pale kuokoa bajeti ya mtu. Kama shule ni mbaya kwake, sitampeleka. Swali langu ni tunajuaje kwamba ni mbaya? Tumeipima kwa nini?

Wengi wanapima kwa namba. Kuna zile tovuti zinazoipa shule alama kutoka moja mpaka kumi, na wauza nyumba nao wanazibandika pembeni ya picha ya jiko. Shule yetu ina rangi ambayo haipendezi. Nimekaa nikaifikiria namba hiyo kama nesi, na naomba mnivumilie hapa.

Ukihesabu vifo tu, Muhimbili wanakufa watu wengi kuliko zahanati yoyote ya mtaani Dar es Salaam. Kuna mtu atasema basi zahanati ni bora kuliko Muhimbili? Hakuna, kwa sababu tunajua wagonjwa wanafika Muhimbili wakiwa katika hali gani. Ndio maana hospitali zikilinganishwa kwa haki, kwanza wanahesabu ukali wa ugonjwa na umri na magonjwa mengine mgonjwa aliyokuja nayo, halafu ndio wanauliza hospitali yenyewe imeongeza nini au imeharibu nini. Bila hesabu hiyo, hospitali iliyo bora kuliko zote ni ile inayokataa wagonjwa mahututi.

Sasa mitihani ya jimbo hapa, ile MCA, inafanywa kila majira ya kuchipua kuanzia la tatu mpaka la nane kwa kusoma na hesabu. Asilimia ya waliofaulu inakuambia zaidi nani anaishi mitaa ile, na kipato chao, na wangapi walifika nchi hii miaka miwili iliyopita wakiwa hawajui Kiingereza. Kwa jimbo zima, mashamba na miji na vitongoji vya matajiri pamoja, waliofikia kiwango miaka ya karibuni ni karibu nusu tu kwenye kusoma, na hesabu chini ya nusu. Kwa hiyo mtu akikuambia “asilimia 30 tu ndio wamefaulu pale” kwa sauti ya msiba, muulize kwanza jimbo lenyewe lina ngapi. Halafu muulize watoto waliofanana na wako wakiingia la sita, wanatoka la nane wakiwa wapi. Hicho ndicho kitu cha kutafuta, na kipo: kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo unaweza kutenganisha matokeo kwa makundi, wanaojifunza Kiingereza na wasiojifunza, kipato cha chini na wengine. Inachukua jioni moja. Nimefanya hivyo nikiwa na chai, na picha niliyoiona ni tofauti na ile namba moja kwenye tangazo la nyumba. Siyo ya ajabu, lakini siyo msiba.

Kuna jambo la pili ambalo sisi wa shifti tunapaswa kulijua kuliko watu wote, nalo ni usingizi. Mtoto wa miaka 12, 13, mwili wake unabadilisha saa. Usingizi unachelewa kuja usiku, na asubuhi unachelewa kuondoka. Siyo uvivu, ni homoni. Na miji yetu hii miwili ndiyo iliyofundisha Marekani jambo hilo! Edina, kitongoji cha hapa, ilisogeza mbele saa ya kuanza sekondari mwaka 1996, na Minneapolis ikafuata 1997, kutoka saa 1:15 asubuhi hadi saa 2:40. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, wakiongozwa na Kyla Wahlstrom, walifuatilia wakaona watoto wanalala zaidi na mahudhurio yanapanda. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kikapendekeza shule za kati na sekondari zisianze kabla ya saa 2:30. Saint Paul nayo ikasogeza shule zake nyingi za ngazi hizo 2019.

Sasa mchukue mtoto umuandikishe wilaya nyingine ng'ambo ya mji. Sheria ya kuhama inakuruhusu, lakini wilaya inayompokea hailazimiki kuja kumchukua mlangoni kwako. Jukumu la kumfikisha mpaka wao ni lako. Nawajua wazazi wanaotoka shifti saa 1:30 asubuhi, macho mekundu, wanakimbilia barabara ya 94 kumuwahisha mtoto, Januari, barafu. Mtoto ameamka saa 11:30 alfajiri. Nimewahi kumuuliza mama mmoja shule mpya ina faida gani, akasema “hesabu ziko juu”. Sawa. Lakini mtoto anayelala saa sita na nusu badala ya tisa hizo hesabu anazisikia kwa mbali. Kama shule hiyo ingekuwa dawa ningesema ipimwe na madhara yake, siyo faida peke yake.

Na umbali una madhara mengine. Mtoto wa umri huu anahitaji rafiki anayeweza kumtembelea bila mama kuwasha gari. Anahitaji kubaki shule jioni kwa ajili ya mpira au muziki na kurudi mwenyewe. Mimi na mzee tukiwa kazini wote, nani atamfuata maili 14? Tunakuja kulalamika watoto wetu wanakaa na simu siku nzima... Mtoto hana mtu wa kucheza naye mtaani kwa sababu hakuna anayemjua mtaani.

Nafika kwenye hofu kubwa, ile ambayo watu hawaisemi kwenye kikao cha wazazi lakini wanaisema kwa Kiswahili: mtoto ataharibika. Atajifunza matusi, sigara za umeme, ugomvi, kumjibu baba yake. Hofu hii siidharau hata kidogo. Umri wa miaka 11 mpaka 14 ni mgumu kila mahali. Lakini nimekaa na wazazi ambao watoto wao wako shule za kila aina, za vitongoji vya nyumba kubwa, za dini, za mkataba, na sigara za umeme ziko kote. Tofauti ni kwamba kwenye kitongoji kile zinaitwa “tatizo la afya” na kwetu zinaitwa “shule mbaya”. Kuhusu silaha, nitasema kidogo tu kwa sababu bado inauma: Agosti 2025 risasi zilipigwa watoto wakiwa kwenye misa, kanisa la Annunciation, shule ya Kikatoliki kusini mwa Minneapolis, na watoto wawili wakafa. Silitaji kwa ubishi. Nalitaja kwa sababu baada ya siku ile sijui tena mzazi anamaanisha nini akisema “kule ni salama”.

Kuna njia nyingine ambayo Waafrika Mashariki wengi hapa wameichukua, nayo naiheshimu. Ni shule za mkataba zilizoanzishwa na watu wetu wenyewe, hasa Wasomali na Waoromo, ambako mtoto wa kike akivaa hijabu hakuna anayegeuka kumtazama, na mwalimu anajua Idi ni lini bila kuambiwa. Wengine wanaziita ubaguzi. Kuna kesi ilifunguliwa 2015 dhidi ya jimbo, ikidai shule za Minneapolis na Saint Paul zimetengana kwa rangi na kipato, na baadhi ya shule za mkataba ziliingia kwenye kesi hiyo kujitetea kwamba wazazi wamezichagua kwa hiari. Desemba 2023 mahakama ya juu ya Minnesota ilisema kutolingana kwa rangi peke yake hakuvunji katiba. Lazima ionyeshwe kwamba kunachangia kwa kiasi kikubwa elimu kuwa duni. Mzazi aliyechagua shule ili mtoto asionewe, kwangu hana kosa. Na wilaya ya Saint Paul imelisikia hilo: mwaka 2023 ilifungua shule ya msingi ya Afrika Mashariki, ambako Kiswahili kimo pamoja na Kisomali, Kioromo, Kiamhari, Kitigrinya na Kiarabu. Niliposikia nilipiga vigelegele jikoni peke yangu. Ilipofunguliwa iliishia darasa la tano, kwa hiyo haikutuondolea swali la shule ya kati, lakini inaonyesha wilaya inaweza kubadilika ikiona watu wanaondoka. Je, si ingebadilika pia ikiona watu wamebaki na wanauliza?

Maana kuuliza ndio shida yetu. Sisi tumelelewa kwamba shuleni mzazi anaitwa mtoto akiharibu, au akidaiwa mchango. Hapa mzazi asiyeuliza anahesabiwa ameridhika. Nilikwenda kuitembelea shule yetu siku ya kawaida, siyo siku ya maonyesho. Hospitalini ukitaka kuijua wodi usisome bango la ukutani. Simama wakati wa kupokezana shifti usikilize wanavyozungumza juu ya mgonjwa wa kitanda cha sita. Shuleni wakati huo ni watoto wanapobadilisha madarasa. Nilisimama kwenye korido. Kelele, ndiyo, nyingi. Lakini walimu walikuwa milangoni, wanawaita watoto kwa majina, na mvulana mmoja aliyemsukuma mwenzake alizungumzishwa kwa sauti ya chini akainama kuokota daftari. Nikauliza ni walimu wangapi wa hesabu walioondoka mwaka huu, na wangapi ni wa muda. Swali hilo naliona ni zito kuliko yote, mimi niliyekaa mwaka mzima bila mwalimu wa fizikia. Nikauliza mtoto anaingiaje hesabu za mbele, kwa mtihani au kwa mzazi kuomba, maana aliyekosa hizo la saba na la nane ni vigumu kuzifikia za juu kabisa kabla ya kumaliza sekondari, na mara nyingi wanaozikosa ni watoto ambao wazazi wao hawakujua kwamba kuna kuomba. Nikauliza mshauri mmoja ana wanafunzi wangapi. Jibu la hilo la mwisho halikunifurahisha.

Na lugha. Ukimuandikisha mtoto unajaza fomu inayouliza nyumbani mnazungumza lugha gani. Wengi wetu tunaandika Kiingereza ili mtoto asiwekwe kwenye darasa la wanaojifunza Kiingereza. Mimi naandika Kiswahili, kwa sababu ndio ukweli. Anapimwa, akionekana anajua, basi. Akionekana anahitaji msaada, msaada upo, na mzazi ana haki ya kuukataa kwa maandishi kama hautaki. La muhimu ni kufuatilia asikae humo miaka minne kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kuuliza. Nimeona kijana wa la nane anayeongea kama mtangazaji wa redio ya hapa bado anatolewa kwenye sayansi kwenda kujifunza msamiati.

Mzee wangu bado hajashawishika moja kwa moja, na ana hoja zake. Yeye alisoma bweni, na anaamini mtoto bila nidhamu ya kengele hajasoma. Tumekubaliana hivi: la sita ataanza hapo hapo mtaani. Tumeandika masharti kwenye karatasi, iko mlangoni mwa friji. Akionewa na shule isichukue hatua ndani ya wiki mbili baada ya sisi kwenda kwa miguu yetu, anatoka. Mwalimu wa hesabu akikosekana muhula mzima, anatoka. Akianza kusema shule inamuumiza tumbo kila Jumatatu, hapo sisubiri karatasi, nimeshaona watoto wa aina hiyo wodini. Tarehe ya kawaida ya kuomba kuhamia wilaya nyingine kwa mwaka unaofuata ni 15 Januari, kwa hiyo tutakuwa na miezi minne ya kumuangalia kabla ya kuamua la saba.

Kikao cha wazazi wa la sita ni mwezi wa nane, jioni. Nimeshaomba nibadilishiwe shifti. Wenye watoto wa mitaa ya huku upande wetu, nipigieni tuongozane, nina nafasi nne kwenye gari.